Siku moja maishani mwangu: fundi wa matambara, Lamu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi nishakaa barazani. Nimeshaswali, nimekunywa chai na mahamri mawili kwa mbaazi, na boksi langu la shanga liko gotini. Nawahi kwa sababu ya nuru. Nyumba zetu za mawe zina giza ndani hata mchana, na usita wetu, kichochoro chetu hiki, ni mwembamba, punda wawili wakipishana inabidi ukunje miguu.

Nilianza na kofia za viua. Baba alishona, babu alishona, kwa hivyo hapa Lamu mwanamume mwenye sindano hashangazi mtu. Kinachowashangaza ni hiki ninachoshona siku hizi. Mzee mmoja jirani hupita akienda sokoni na kuuliza: "Bado umo kwenye matambara?" Bado nimo, mzee.

Matambara yenyewe ni mtindo wa Marekani, wanauita krezi kwilti. Hakuna mraba wala mstari. Unachukua vipande vya hariri, satini na mahameli, kila kimoja na pembe zake, unavilaza juu ya kitambaa cha chini mpaka kisionekane, kisha kila maungio unayapamba kwa darizi. Wanawake wa huko waliushabikia sana miaka ya 1880. Kitambaa changu cha chini ni merikani, pamba ile isiyopaushwa iliyoletwa pwani yetu na merikebu za Kimarekani karne ya 19, ikabaki na jina la kwao. Nikiishika huwa nacheka peke yangu.

Cha leo ni kipande cha inchi 12 kwa 12, siku yake ya nne: mahameli nyeusi, kikoi, satini ya gauni, na pindo la leso ya marehemu mama wa mteja. Mpaka saa tatu nilikuwa nimemaliza maungio yote, mengine kwa mshono wa unyoya, mengine kwa ule mimi nauita mgongo wa changu, kwa sababu ukiutazama ni mifupa ya samaki aliyekwisha kuliwa.

Shanga huja mwisho. Ukizitanguliza, kila uzi unaopita utanasa. Natumia namba 11, upana wake kama milimita mbili, na sindano nyembamba inayopinda ukiikazia macho. Uzi naupitisha kwenye nta mara mbili. Natunga shanga tatu, nazilaza, narudi nyuma napita tena ndani ya ile ya mwisho, ndipo natunga tatu nyingine. Kila baada ya hatua chache napiga fundo upande wa merikani, ili uzi ukikatika zianguke chache, si safu nzima.

Saa sita akaja mwenyewe mteja, mama mmoja kutoka Nairobi, mwenye ndege Manda kesho asubuhi. Akakishika, akatabasamu, kisha kidole kikasimama kwenye pembe ya mahameli.

"Fundi, hiki ni nini?"

"Buibui, mama. Na utando wake."

"Mdudu? Niweke mdudu sebuleni kwangu?"

Nikamweleza kwamba kwilti hizo za zamani mara nyingi zilikuwa na utando wa buibui, waliuona ni bahati. Nikamwambia na sisi tunamheshimu, ndiye aliyetanda mlangoni mwa pango la Thaur alipojificha Mtume, wazee hukataza kumuua. Nikamwonyesha na mke wangu aliyekuwa akipita, nikasema hata vazi hili jeusi twaliita buibui. Hakucheka.

"Sikatai, fundi. Lakini mama mkwe wangu akimwona atasema mengine. Mtoe. Na bei tuitazame, maana kazi imepungua."

Imepungua! Buibui alikuwa shanga mbili na miguu minane ya uzi wa fedha, nusu saa kumtia. Kumtoa kwenye mahameli ni kazi nyingine kabisa. Ukivuta uzi, manyoya ya kitambaa yanalala na matundu yanakutazama. Nikafumua mguu mmoja mmoja kwa ncha ya sindano, yeye kakaa ubavuni mwangu anaongea na simu, anauliza kama hakuna njia ya haraka zaidi, ananisimulia mashine aliyoiona mahali inayodarizi kwa dakika kumi. Nikanyamaza. Elfu sita kwa siku nne, na bado natakiwa nishindane na mashine.

Kisha akageuka kuchukua maji, kiwiko kikapiga boksi.

Shanga za kijani zikamwagika barazani na kuteremka mpaka mtaroni. Watoto wa chuo cha Kurani wakaja mbio, "Ami, tukusaidie?" Wakaziokota kwa vidole vilivyolowa mate, moja moja, na kila aliyejaza kizibo cha soda nikamuahidi kashata. Mama naye alijishika kichwa, akasema pole, akaenda kula.

Adhana ya alasiri ilinikuta bado natenga kijani na buluu. Baada ya hapo sikutazama saa tena. Mgongo ulikuwa unawaka. Nikachemsha birika, nikaishikilia mahameli juu ya mvuke, kwa mbali, nikayainua manyoya kwa mswaki mkavu mpaka matundu yakafumba. Utando wenyewe sikuufumua. Niliutazama sana, nikaona ni wavu. Nikatia samaki ndani, shanga kumi na tisa za kijani na jicho jekundu.

Mama aliporudi jua lilikuwa limeshazama. Akamulika kwa simu. "Ehee! Samaki huyu ndiye mzuri. Si ungeanza naye tu?" Akalipa elfu tano na mia tano, nami sikuwa na nguvu ya kubishana. Mashua yake ya kuvukia Manda ni saa moja na nusu asubuhi.

Sasa ni usiku, mke wangu anafagia na bado anapata shanga chini ya mkeka. Kimebaki kushona bitana. Zile shanga mbili nyeusi zilikuwa kwenye kikopo, na uzi wa fedha ulibaki. Nimemshona kwa nyuma, juu ya merikani, miguu yote minane, kisha nikafunga bitana juu yake.