Nauli Niliyokwisha Kuilipa

Kadi ya nauli ya kuongezewa salio imeyahamisha malipo kutoka mlangoni mwa basi, na kadiri ninavyoitumia ndivyo uhamisho huo unavyozidi kunishughulisha. Nauli ya taslimu ilikuwa ikitoka mfukoni palepale safarini: unapanda, unahesabu, unapokea chenji au unaizozania, na ukishuka hamdaiani tena. Sasa, ninapokanyaga ngazi ya basi, fedha imekwisha kuniondoka tangu siku za nyuma, na kinachofanyika pale ni kukatwa katika akiba niliyoikabidhi mapema.

Tendo lenyewe ni jepesi kiasi cha kupita bila kutazamwa. Naisogeza kadi kwenye mashine, mlio mfupi unasikika, taa ya kijani inawaka, na salio lililobaki linatokea kwenye kioo kisha linafutika kabla mtu hajalisoma vizuri, hasa akiwa na abiria wengine nyuma yake. Kadi haina betri. Ndani ya plastiki mna chipu ndogo na waya mwembamba uliozungushwa karibu na ukingo; mashine hutoa mawimbi ya megahezi 13.56, waya ule ukapata humo umeme kidogo wa kuiamsha chipu, nayo ikajitambulisha, ikathibitisha kwamba si ya bandia, ikaandika salio jipya, yote hayo kwa muda usiofika hata sekunde moja na kwa umbali wa sentimita chache tu. Ndiyo maana kadi mbili zikikaa katika pochi moja mashine huweza kuzikataa zote, au kukata ile usiyoikusudia, kwa kuwa zote huamka pamoja. Ya basi mimi huibeba peke yake katika mfuko wa shati, ingawa pochi yangu ina nafasi tele.

Wepesi huo ndio uliowavutia wenye mabasi. Hong Kong walianza kutumia kadi ya Octopus mwaka 1997, London wakaja na Oyster mwaka 2003, na mwezi Julai 2014 mabasi ya London yakaacha kabisa kupokea fedha taslimu. Basi lisilokawia kituoni huwahi liendako, dereva hakai na fedha za kumvutia mporaji, na hesabu za jioni hazina ubishi. Abiria naye hufaidi, na siku ya mvua hufaidi zaidi, pale foleni inapoingia ndani upesi badala ya kumsubiri mtu mmoja apekue mkoba mzima. Faida hizo sizipingi.

Ninachokitafakari ni ile fedha iliyolala kwenye kadi. Ni yangu, lakini siwezi kununulia mkate wala kumkopesha ndugu. Kwa hakika mimi ndiye niliyemkopesha msafirishaji, bila riba na bila kuombwa. Salio langu ni dogo, ila masalio madogo ya abiria wote yakijumlishwa huwa fungu nono linalokaa mikononi mwa kampuni kabla safari zenyewe hazijafanyika. Sehemu ya fungu hilo haitatumika kamwe, kwa sababu kadi hupotea, watu huhama, na mara nyingi kinachobaki ni pungufu ya nauli moja, kiasi ambacho hakuna atakayejisumbua kukipangia foleni dirishani ili arudishiwe. Naona wametenda haki zaidi wale walioruhusu salio lishuke chini ya sifuri kwa kiasi fulani, kama ilivyo kwa Octopus, kwa kuwa amana aliyoitoa abiria alipochukua kadi hutosha kuziba pengo hilo, naye haachwi kituoni kwa sababu ya sarafu mbili tatu.

Kuna na swali la mahali salio linapokaa. Katika mifumo mingi salio huandikwa kwenye chipu yenyewe, kwa sababu basi lililo barabarani haliwezi kungoja mtandao kila abiria anapopanda. Basi ukiongeza salio kwa simu, benki hukukata papo hapo, ilhali kadi yako haina habari mpaka iguse mashine iliyokwisha kupokea taarifa hiyo. Katikati ya mambo hayo mawili fedha haiko benki wala haiko kwenye kadi. Imewahi kunikuta: ujumbe wa kuthibitisha malipo uko wazi kwenye simu, na mashine inawaka nyekundu. Dereva aliitazama simu, akaitazama taa, akaiamini taa. Tangu hapo, nikiweza, naongezea salio kwenye mashine ya kituoni, ambako kadi huandikwa nikiwa nimeishika.

Nimeisajili kadi kwa jina langu, kwa kuwa kadi iliyosajiliwa ikipotea huzuiwa na salio lake kuhamishiwa kadi mpya, ilhali ile isiyo na jina ikipotea imekwenda na kilichomo. Gharama ya usalama huo ni kwamba kila nilipopandia, na saa niliyopanda, vimeandikwa mahali fulani chini ya jina langu. Nilifungua orodha hiyo ili kuhakiki makato, na makato yalikuwa sahihi. Kilichonifanya nikae nikiisoma kwa muda ni kuona jinsi mgeni yeyote angeweza kujua ninakofanya kazi, na nani humtembelea Jumapili, bila kuniuliza neno.

Mfumo umekuwa ukinishauri niwashe huduma ya kujiongezea salio lenyewe kila linapopungua. Sijaiwasha. Naongeza kwa mkono mwanzoni mwa juma, kiasi cha kunifikisha Ijumaa na ziada ya safari ya dharura, kwa sababu huo ndio wakati pekee uliosalia ambapo naiona nauli ikitoka.