Kumbukumbu ya mradi: kuusuka upya upande wa magharibi wa Disney Springs

Mradi ni wa mezani: ramani za kompyuta na maketi (mfano mdogo wa mtaa) ya kadibodi. Eneo ni Disney Springs, mtaa wa maduka na migahawa ndani ya Walt Disney World, Florida. Mtaa huu umebadilishwa sura mara nyingi. Ulifunguliwa Machi 1975 kama Lake Buena Vista Shopping Village. Mwaka 1989 kikaongezwa kisiwa cha vilabu vya usiku, Pleasure Island, na mwaka 1997 eneo zima likaitwa Downtown Disney. Vilabu vilifungwa Septemba 2008. Mwaka 2010 ukatangazwa mpango wa Hyperion Wharf, nao ukafia kwenye makaratasi. Machi 2013 ndipo ulipotangazwa mpango uliotekelezwa kweli, jina likabadilishwa rasmi Septemba 2015, na sehemu mpya ya maduka, Town Center, ikafunguliwa Mei 2016.

Anayezitazama picha za kabla na baada huona maduka mapya. Lakini kazi iliyoubadilisha mtaa ule ilikuwa magari na miguu: majengo mawili ya maegesho, Lime na Orange, yenye taa juu ya kila nafasi (kijani iko wazi, nyekundu imejaa); Buena Vista Drive iliyopanuliwa; madaraja ya waenda kwa miguu; na mchepuko wa moja kwa moja kutoka barabara kuu ya I-4. Ukitaka kujua duka gani litauza, tazama mdomo wa maegesho umeelekea wapi. Orange humtoa mgeni karibu na mgahawa wa Planet Hollywood na sinema ya AMC. Akigeukia mashariki anazikuta sehemu za Town Center na The Landing, kote kumechangamka. Akigeukia magharibi anaingia West Side, mkia mrefu ambao mwisho wake ni ukumbi wa sarakasi wa Cirque du Soleil. Mkia huo ndio tunaousuka upya.

Ramani ya msingi

Michoro ya majengo imechukuliwa OpenStreetMap (ramani huria ya mtandaoni), ikafunguliwa kwenye QGIS (programu ya ramani), kisha ikapelekwa Blender (programu ya picha za pande tatu). Hapa ndipo wengi huharibu kazi bila kujua. QGIS ikiwa na picha ya chini ya OpenStreetMap hujiweka kwenye EPSG:3857, mfumo wa vipimo wa ramani za mtandaoni, na ukitoa faili hivyo hivyo, kwa latitudo ya Orlando kila kipimo kinavimba kwa karibu asilimia 13.6. Mtaa wa mita 15 unakuwa wa mita 17, na kwa macho huwezi kushtuka. Ukitoa kwa EPSG:4326 ni balaa la aina nyingine: namba ni digrii, na ukizitumia kama vipimo ramani inavutika mashariki–magharibi kwa takriban asilimia 13, kwa kuwa digrii moja ya longitudo pale ni kilomita 98 hivi na ya latitudo ni karibu 111.

Mfumo sahihi ni UTM kanda ya 17 kaskazini, EPSG:32617. Kila kitu kinakuwa mita halisi. Namba zake lakini ni kubwa, kiasi cha 449,000 kwenda mashariki na 3,138,000 kwenda kaskazini. Programu za picha za pande tatu huhifadhi namba kwa usahihi mdogo, na kwenye milioni tatu hatua ndogo kabisa ni robo mita. Kuta zinatetemeka, milango haikai mahali pake. Punguza 449,000 (mashariki) na 3,138,000 (kaskazini) kwenye kila nukta kabla ya kuhamisha faili, na uandike namba hizo pembeni, maana utazihitaji siku ukitaka kuongeza jengo.

Kimo cha majengo mara nyingi hakimo kwenye data. Kwa maduka tumetumia mita 4.5 hadi 5 kwa ghorofa, si 3 kama nyumba ya kuishi.

Kwa nini mkia umepoa

Upande huu ulijengwa kwa masanduku makubwa. DisneyQuest ya mwaka 1998, jumba la michezo ya video, ilikuwa na ghorofa tano, takriban mita za mraba 9,300, bila madirisha. Ilifungwa Julai 2017. Mahali pake ikajengwa NBA Experience, jumba la michezo ya mpira wa kikapu, zaidi ya mita za mraba 4,000, ikafunguliwa Agosti 2019. Ilipofungwa kwa korona Machi 2020 haikufunguliwa tena. Sanduku la namna hii likiwa hai linavuta watu, lakini linawavuta ndani. Likifa, linaacha ukuta mtupu na mtaa unakatika katikati.

Jan Gehl, msanifu wa Denmark aliyepima mitaa maisha yake yote, anasema mtaa unaoshika watu una milango 15 hadi 20 kwa kila mita 100. Yaani duka moja kila mita 5 hadi 7. Mbele ya sanduku la mita 60 unakuta milango miwili, pengine mitatu.

Dawa katika mpango huu ni kulivika sanduku ngozi ya maduka. Sanduku linabaki ndani, kwa vile shughuli yake haihitaji madirisha, na mbele yake yanabandikwa maduka tisa ya upana wa mita 6 na kina cha mita 9. Sanduku lenyewe linabaki na mlango wa mita 6 tu na alama kubwa juu. Kina kisizidi mita 9 kama nyuma hakuna mlango wa huduma, la sivyo mwenye duka atapitisha mzigo mbele ya wateja mchana kutwa.

Jua

Hapa ndipo kazi imelala, na ndipo michoro mingi mizuri hufeli.

Orlando iko latitudo 28.4 kaskazini hivi. Adhuhuri ya Juni jua liko nyuzi 85, karibu utosini. Ukuta wa mita 6 unatoa kivuli cha nusu mita. Desemba jua hilo hilo liko nyuzi 38 na ukuta huo unatoa mita 7.6. Kwa hiyo wakati kivuli kinapohitajika hasa, kuta hazikupi kitu.

Mtaa wa West Side umelala karibu mashariki–magharibi. Juni, saa tisa alasiri kwa jua lenyewe (saa za Orlando ni kama saa kumi na nusu, hasa kwa sababu ya kusogeza saa mbele), jua liko nyuzi 49 juu na limekaa magharibi kabisa, nyuzi tatu na nusu tu kuelekea kaskazini. Maana yake linamulika kwa urefu wa mtaa, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Baraza pembeni saa hiyo hutia kivuli chini yake tu, njia ya katikati inabaki juani. Mtu anayetoka Orange kwenda Cirque anatembea jua likiwa usoni, na wakati wa kiangazi wengi hugeuka.

Kinachofanya kazi ni luva za juu zinazokatiza mtaa, yaani bapa zilizolala kaskazini–kusini. Vipimo tulivyofikia: bapa ya alumini yenye upana wa sentimita 20, kila moja sentimita 20 kutoka kwa mwenzake, imeinamishwa nyuzi 30 kutoka wima, ncha ya juu ikielekea mashariki. Hesabu yake: adhuhuri kila bapa inafunika 20 × sin 30, yaani sentimita 10, kwa hiyo nusu kivuli nusu mwanga. Saa tisa ya jua inafunika 10 + (17.3 ÷ 1.167), karibu sentimita 25. Nafasi ni 20, basi kivuli ni kamili. Asubuhi zinaruhusu jua lipite, wala si tatizo, maduka hayajashika kasi. Ukiziinamisha kinyume, ncha ya juu magharibi, unapata kivuli cha asubuhi na kikaango cha jioni. Fundi akisoma mchoro vibaya, hilo ndilo kosa atakalofanya, kwa hiyo chora mshale wa jua kwenye kila karatasi.

Jambo jingine dogo lenye gharama: kivuli hakikai chini ya paa lake. Luva zikiwa mita 5 juu, saa hiyo kivuli kinasogea mita 4.3 kuelekea mashariki. Benchi chini ya ukingo wa magharibi litachomwa na jua. Refusha luva mita 4.3 zaidi upande huo au sogeza benchi.

Turubai za kuvutwa kwa kamba tumeziacha. Florida ina vimbunga, na turubai hushushwa kila onyo likitoka, halafu nani anazirudisha? Luva hupitisha upepo. Mashine za kunyunyiza ukungu nazo tumeziacha: hewa ya Orlando kiangazi ni nzito kwa unyevu, na mtu wa Dar au Mombasa hahitaji kuelezwa kwa nini jasho halikauki. Feni kubwa za polepole zinasaidia zaidi.

Gari la zimamoto

Luva zikishapendeza kwenye kompyuta, anakuja mkaguzi. Njia ya gari la zimamoto inatakiwa iwe wazi futi 20, mita 6.1, na kimo cha futi 13 na inchi 6, mita 4.1. Ndani ya hapo pasiwe na benchi, mti wala kibanda cha aiskrimu. Uzuri ni kwamba upana huo unahitajika hata hivyo. Ukumbi wa Cirque una viti zaidi ya 1,600. Onyesho likiisha na watu wakatoka kwa dakika kumi, ni watu 160 kwa dakika. Kwa mwendo usio wa kubanana, watu 33 kwa dakika kwa kila mita ya upana, unahitaji mita 5 zilizo wazi. Njia ya zimamoto na njia ya watazamaji ni moja.

Mkato wa mtaa basi umekaa hivi, kutoka kusini: baraza mita 3.2, njia wazi mita 6.1, ukanda wa miti na viti mita 3, baraza mita 3.2. Jumla mita 15.5. Ukifika mita 20 na kuendelea, watu hushika upande mmoja na ule wa pili unalala njaa. Mji Mkongwe wa Zanzibar umepata kivuli kwa kubana vichochoro, lakini hakuna mkaguzi wa Florida atakayekupitishia hilo.

Luva zimewekwa mita 5 juu, zaidi ya ile 4.1, kwa sababu taa, spika na maji ya mvua vyote huning'inia chini yake.

Kwenye ukanda wa mita 3 inapandwa mialoni. Mti mkubwa unataka udongo kiasi cha mita za ujazo 28. Kwa kina cha sentimita 90 ni eneo la mita za mraba 31, yaani mita 10 za ukanda kwa kila mti. Kwenye picha za matangazo miti hukaa mita 4 kwa 4. Kwenye uhalisia inadumaa au inanyanyua vigae, na kigae kilichonyanyuka ni kesi mahakamani.

Nyuma ya jengo ambalo halina nyuma

Kaskazini kuna ziwa. Kila mgahawa unataka meza zake huko na mlango wake mtaani. Taka zitoke wapi? Jiko linachukua asilimia 30 hadi 40 ya mgahawa, na likikosa ukuta wa nyuma linaishia kupeleka mapipa kwenye baraza. Tumeweka ujia wa huduma wa mita 2.4 kati ya kila migahawa miwili, wenye lango linalofanana na duka, ukielekea kwenye uwanja mmoja wa malori upande wa kusini. Lori la trela la ukubwa wa kati linahitaji kona ya karibu mita 14. Chemba za mafuta ya jikoni ziwe kwenye uwanja huo, kamwe zisiwe chini ya meza za nje, kwa kuwa siku ya kunyonywa harufu haichagui mteja. Na usichore ghala chini ya ardhi: maji pale yako karibu sana na uso.

Mdomo wa pili

Maegesho mapya yamewekwa magharibi, kwenye eneo la magari la sasa. Safu tatu za upana wa mita 18.3, jumla karibu mita 55 kwa 150. Kwa mita za mraba 30 kwa gari ni magari 275 kila ghorofa, ghorofa nne, 1,100. Ngazi za umeme zinateremkia mtaani kati ya Cirque na ukumbi wa muziki wa House of Blues, si nje ya mwisho wa mtaa. Hapo mkia unakuwa njia kati ya midomo miwili.

Jaribio la maketi

Maketi ni ya 1:200, kadibodi ya milimita 2, urefu wa mita moja kwa mita 200 za mtaa. Usijaribu kivuli kwa taa ya mezani. Mwanga wake hutawanyika na kivuli cha pembeni hudanganya. Toa ubao nje juani. Simika sindano ya sentimita 5 wima pembeni, weka nukta sentimita 4.3 mashariki yake (kusini kidogo), kisha inamisha ubao mpaka ncha ya kivuli iguse nukta. Popote ulipo duniani, umepata saa tisa ya Juni ya Orlando. Kwa adhuhuri ya Juni nukta iko milimita 4 kaskazini, kwa adhuhuri ya Desemba sentimita 6.35.

Luva za sentimita 20 kwa kipimo hicho ni milimita moja, hazikatiki vizuri kwa kisu. Kipande kimoja cha mtaa kinajengwa kwa 1:20, luva za milimita 10 za karatasi ngumu, zikipachikwa kwenye mipasuo iliyokatwa kwa nyuzi 30. Gundi nyeupe inapinda karatasi. Tumia ya mpira, kidogo.

Kinachofuata ni ukuta wa AMC. Una majumba 24 ya sinema nyuma yake, hauwezi kutobolewa, na njia ya zimamoto inapita mita chache tu mbele yake, hivyo hata maduka ya kina cha mita 9 hayaingii. Linalojaribiwa sasa ni vibanda vya kina cha mita 2.4, vya shata, visivyo na jiko la moto.