Ukikagua orodha ya washindi, acha kwanza hivyo vistari

Washkaji zangu wakisikia jioni nakaa kukagua orodha za michezo Wikipedia wanacheka, manake wao wanajua orodha ni orodha tu, mwaka, jina, nchi, muda, kwisha habari, sasa hapo unakagua nini bwana. Na siwalaumu sana, hata kule kwenye Wikipedia ya Kiingereza ninakofanyia hiyo kazi wahariri wengi wanaichukulia hivohivo. Mtu anaandaa orodha yake vizuri, anaileta wenzake waipitie kabla hajaiombea ile nyota ya orodha bora, wanakuja watu: wa kwanza anasema hapa umeweka kistari kifupi ilitakiwa kirefu, wa pili anasema tarehe zako umechanganya mtindo, wa tatu anasema usianze na "hii ni orodha ya" (kweli hiyo haitakiwi, sentensi ya kwanza inatakiwa iingie kwenye mada moja kwa moja), anayefuata anaandika naunga mkono, na wa nyuma yake naunga mkono. Hakuna aliyefungua hata chanzo kimoja akaangalia kama yule aliyeandikwa kashinda mwaka ule ndo kweli aliyeshinda.

Mi naanzia huko kwenye chanzo, vistari baadae.

Ngoja nitumie washindi wa Boston Marathon kama mfano, kwa sababu ni mbio ninazozifatilia sana na pia watu wa huku zinatuhusu. Tangu Ibrahim Hussein wa Kenya awe Mwafrika wa kwanza kushinda pale, mwaka 1988, ukishuka kwenye jedwali la wanaume ni Kenya, Kenya, Ethiopia, Kenya, Kenya, mpaka macho yanazoea. Yakishazoea ndo kosa linapita mbele yako na wala huoni.

Angalia hii. 2003 Robert Cheruiyot, 2006 Robert Cheruiyot, 2007 na 2008 huyohuyo, halafu 2010 tena Robert Cheruiyot. Mwenye haraka anahesabu tano anaandika kwenye utangulizi kwamba jamaa kashinda mara tano, na ukimuuliza anakwambia si nimehesabu mwenyewe. Kumbe ni watu wawili. Yule wa mara nne ni Robert Kipkoech Cheruiyot, na wa 2010 ni Robert Kiprono Cheruiyot, mwingine kabisa, tena ndo aliyekimbia 2:05:52 akaivunja rekodi ya mashindano aliyokuwa nayo huyo wajina wake tangu 2006. Sasa kama linki ya 2010 inakupeleka kwenye ukurasa wa Kipkoech, jedwali litaonekana safi kabisa, rangi ya bluu kama zingine, na hutojua mpaka ubonyeze. Ndo maana nabonyeza linki zote, moja baada ya nyingine, hata za akina Korir (Wesley wa 2012 na John wa 2025, hawa nao ni mtu na mdogo wake), inachosha ila hakuna njia nyingine.

Majina yana balaa lingine pia, la kupanga. Majedwali mazuri unabonyeza kichwa cha safu na yanajipanga, na desturi kule ni kupanga kwa jina la ukoo. Sawa, ila Sisay Lemma aliyeshinda 2024 ni Muethiopia, na Lemma ni jina la baba yake, kwa hiyo akae kwenye S, asiende L. Mhariri aliyekulia Ulaya au Marekani anaona jina la mwisho anajua ndo ukoo, anamtupa L, na programu inamsaidia kukosea maana ndo ilivyotegeshwa. Hapo naandika komenti, naeleza taratibu, na mara nyingi wananisikiliza. Kuna mmoja alinijibu kwamba msomaji wa kawaida atamtafuta kwenye L. Nikamuuliza msomaji wa kawaida wa wapi, wa Addis Ababa? Akabadilisha, bila kujibu lakini akabadilisha.

Sasa tuje penye utamu wenyewe, washindi walionyang'anywa. Hapa ndo unajua nani kaandaa orodha na nani kakopi tu.

Mwaka 2014 upande wa wanawake aliyevuka mstari wa kwanza ni Rita Jeptoo wa Kenya. Ukichukua gazeti lolote la wiki ile limeandika Jeptoo, na lilikuwa sahihi kwa siku ile. Baadae akafungiwa kwa dawa za kuongeza nguvu, kesi ikaenda mpaka mahakama ya rufaa ya michezo, ushindi wake ukafutwa, na bingwa wa 2014 akawa Buzunesh Deba wa Ethiopia kwa 2:19:59. Mwandaaji mzuri anakuwa kaweka Deba na chanzo cha baada ya kesi. Ila kubadilisha ule mstari mmoja hakutoshi, yaani hapa ndo wengi wanaishia, anafuta jina anaandika jina anaona kamaliza. Lile jedwali dogo la chini la ushindi kwa nchi je? Kenya inapungua moja, Ethiopia inaongezeka moja. Lile la walioshinda zaidi ya mara moja je? Jeptoo alikuwa na tatu, anabaki na mbili, 2006 na 2013, hizo hakuna aliyezigusa. Na rekodi ya mashindano je, maana muda wake wa siku ile ndo ulikuwa rekodi, ulipofutwa ikabaki ile 2:19:59 ya Deba, ikakaa mpaka Sharon Lokedi alipokuja kukimbia 2:17:22 mwaka 2025. Mstari mmoja ukiuvuta unakuja na vitu vinne, na kama utangulizi unataja idadi ya ushindi wa Kenya basi ni vitano.

Halafu linganisha na 2021. Zile mbio zilihamishiwa Oktoba kwa sababu ya korona (2020 hazikukimbiwa kabisa barabarani), akashinda Diana Kipyokei, naye akaja kufutwa kwa dawa, ushindi akapewa Edna Kiplagat. Wote Wakenya. Kwa hiyo hesabu ya nchi haibadiliki hata moja, na mtu akiona jumla ya Kenya inalingana anasema mambo yako sawa, wakati Kiplagat ametoka ushindi mmoja wa 2017 kuwa na miwili na anatakiwa aingie kwenye jedwali la walioshinda zaidi ya mara moja ambako hayupo. Jumla kulingana siiamini hata siku moja. Nachukua karatasi, nahesabu kwa mkono kuanzia juu mpaka chini, kila nchi, kila mtu. Kizamani, najua.

Watu wanadhani safu ya muda ndo rahisi kuliko zote kwa sababu ni namba. Haya. Boston ilianza 1897, na mshindi wa kwanza John McDermott alikimbia 2:55:10, lakini njia ya miaka hiyo ilikuwa karibu kilometa 39 na nusu, mpaka 1924 waliposogeza mwanzo ukaenda Hopkinton ndo ikasogelea urefu wa marathon tunayoijua. Ukipanga safu kwa muda bila alama yoyote unamlinganisha mtu wa kilometa 39 na mtu wa 42. Na hiyo angalau inajulikana. Mbaya zaidi ni ile miaka ya hamsini mpaka 1956, ambapo kila mtu aliamini njia ni kamili, muda ukawa unashuka watu wanashangilia, Keizo Yamada wa Japani akashinda 1953 kwa 2:18:51 ikaonekana maajabu, baadae wakapima wakakuta njia ilikuwa pungufu kwa zaidi ya kilometa moja kutokana na marekebisho ya barabara. Muda wa Yamada ni halali kwa sababu ndo alioukimbia na kashinda kweli, ila bila tanbihi pale pembeni msomaji anadanganywa na namba ambayo yenyewe ni sahihi. Jedwali halina pa kujitetea, jamani, linahitaji zile herufi ndogo za juu zinazokupeleka chini kwenye maelezo.

Na Geoffrey Mutai 2011 vilevile. 2:03:02, siku ile hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kukimbia marathon kwa kasi hiyo, na si rekodi ya dunia. Njia ya Boston inaanzia sehemu moja inamalizikia mbali na inashuka karibu mita 140 jumla, wakati kanuni inataka mwanzo na mwisho visiachane zaidi ya nusu ya urefu wa mbio na mteremko usizidi mita moja kwa kila kilometa, yaani mita 42 hivi. Kila baada ya muda anatokea mtu na nia yake njema kabisa anaandika rekodi ya dunia kwenye hiyo safu, na kila mara inabidi mtu aitoe. Mi ningependekeza kanuni yenyewe iandikwe kwenye tanbihi kwa mita zake, maana ukiandika tu "haikutambuliwa" unamkaribisha mwingine aje kubishana.

Bendera nazipita haraka: Meb Keflezighi kazaliwa Eritrea, kashinda 2014 akiwa Mmarekani, anawekewa Marekani, basi, mjadala mrefu wa nini.

Sisemi ukaguzi wa muonekano ni upuuzi, nisieleweke vibaya. Ukionyesha rekodi kwa rangi ya njano peke yake, asiyeona rangi vizuri hapati kitu, na anayetumia programu ya kusomewa skrini hapati hata hiyo njano, kwa hiyo unaweka na alama, kajimsalaba au nyota, na unaeleza juu ya jedwali inamaanisha nini. Safu na mistari nayo ina namna ya kuiandika ili ile programu imtajie mtu "2010, Robert Kiprono Cheruiyot, Kenya" badala ya kumwagia maneno bila mpangilio. Hiyo naikagua kila mara na naikazania. Ila ikiwa ndo kitu pekee ulichokagua basi umemsaidia mtu kusomewa kosa kwa ufasaha.

Kuna swali moja naulizwa sana na Watanzania wenzangu wakijua nafanya hivi: Ikangaa mbona hayupo? Juma Ikangaa alishika nafasi ya pili Boston mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na ile ya 1988 Hussein alimpita kwa sekunde moja tu, 2:08:43 kwa 2:08:44. Gabriel Geay akawa wa pili 2023 mbele ya Kipchoge aliyemaliza wa sita. Alphonce Simbu wa pili 2025, na mwezi wa tisa mwaka uleule akawa bingwa wa dunia Tokyo. Kwa hiyo mpaka 2025 tuna nafasi za pili tano na kwenye orodha ya washindi hatuna hata mstari mmoja, na mtu anakuja na hasira anataka iongezwe safu ya mshindi wa pili ili Tanzania ionekane.

Jibu langu ni hapana, na nimelisema hata pale ambapo roho ilikuwa inataka ndiyo. Orodha ya washindi ikianza kubeba wa pili, kesho itabeba wa tatu, halafu walioongoza mpaka kilometa ya 35, na kwa miaka ya zamani hutapata vyanzo vya hao wa pili vinavyoaminika kwa mstari kila mstari, utaishia na safu yenye matundu. Ninachokubali ni sentensi kwenye utangulizi kuhusu 1988, kwa sababu mbio iliyoamuliwa kwa sekunde moja na ikatoa mshindi wa kwanza kutoka Afrika inastahili sentensi, na ukiiandika hiyo huwezi kukwepa kumtaja aliyekuwa nyuma kwa hiyo sekunde. Akina Ikangaa, Geay na Simbu waandikiwe makala zao vizuri, na kwa Kiswahili pia, hakuna aliyetuzuia.

Kwa hiyo kama una orodha unaiandaa, iwe ya riadha au ya mabingwa wa ligi huko kwenu, niandikie niipitie, napenda kweli. Ila vyanzo viwe vinafunguka, na kama gazeti lenyewe liko mtandaoni lihifadhi kabisa kwenye Wayback Machine (tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandaoni) kabla hujaniletea, maana nikikuta linki tatu zimekufa ndani ya mistari kumi ya mwanzo nafunga narudi kuangalia mpira.