Siku Moja Maishani Mwangu: Asali Inayokumbuka Umeme

Saa 12:30 asubuhi ninaingia maabara kabla ya wenzangu, kwa sababu vioo nilivyoviacha usiku kucha katika tanuri lenye joto la nyuzi 90 vinapaswa kutolewa kabla hewa haijajaa unyevu. Kila kioo kimepakwa utando mwembamba wa shaba, na juu ya shaba hiyo kuna asali ya kawaida ya dukani hapa Marekani, iliyochanganywa na maji, ikatandazwa kwa mashine inayozungusha kioo kwa kasi, kisha ikakaushwa mpaka ikawa ngumu.

Njia hii si yangu. Mwaka 2022 Feng Zhao na Brandon Sueoka wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington walionyesha kwamba asali iliyokaushwa na kubanwa kati ya elektrodi mbili za metali, yaani vipande vya kupitishia umeme, huweza kuwa memrista, yaani kifaa ambacho ukinzani wake hubadilika kulingana na mkondo uliokwisha kupita ndani yake, na ambacho hubaki na badiliko hilo hata umeme unapokatwa. Mhandisi Leon Chua alikitabiri kwa hesabu mwaka 1971. Sinepsi za ubongo, yaani viungo kati ya seli za neva (nyuroni), hufanya jambo linalofanana, kwani njia kati ya nyuroni mbili huimarika kadiri zinavyowasiliana. Kompyuta zetu huhifadhi data mahali pamoja na kuikokotoa mahali pengine, na nishati nyingi hupotea katika kuisafirisha. Ubongo, unaotumia takriban wati 20 tu, hauna utengano huo, na memrista inauiga.

Saa 3 ninaweka elektrodi za juu kupitia bamba lenye matundu madogo.

Saa 4 ndiyo saa ninayoipenda. Chini ya hadubini ninagusisha sindano mbili za kupimia, ninapandisha volteji polepole, na kwa muda mrefu hakuna kinachotokea. Kisha ghafla mkondo unaruka, kwa sababu ayoni za shaba, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, zimesafiri ndani ya asali na kujipanga kuwa uzi mwembamba unaounganisha pande mbili. Nikigeuza mwelekeo wa umeme, uzi unakatika. Kioo cha tatu, hata hivyo, kinapitisha mkondo mkubwa tangu mwanzo na hakikubali kuzimika.

Saa 7 mchana, wakati kwetu Sikonge, Tanzania, ni usiku, ninampigia baba, ambaye amefuga nyuki maisha yake yote. Baada ya shikamoo na marahaba ninamweleza habari za kioo cha tatu, naye ananijibu bila kusita: "Mwanangu, sega ambalo nyuki hawajalifunika kwa nta halirinwi. Asali yake bado ina maji, itachacha." Nimesoma vitabu vingi kuhusu unyevu katika nyenzo za kielektroniki, lakini sijaona maelezo yaliyo wazi kuliko hayo. Kioo hicho kilikuwa pembezoni mwa tanuri, na bila shaka hakikukauka sawasawa.

Saa 9 ninarudi kwenye vioo vilivyo vizima na kuvipa mipigo mifupi ya umeme. Mipigo inayofuatana kwa karibu huacha alama nzito, ilhali ile iliyoachana huacha alama hafifu inayofifia, na hapo ndipo ninapoona sinepsi mbele ya macho yangu. Zhao na Sueoka walipima kasi ya kuwaka na kuzimika ya nanosekunde 100 na 500, na nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Vifaa vyetu bado ni vipana kama unywele, navyo havitashindana na silikoni ya chipu za kawaida za kompyuta kwa udogo hivi karibuni. Jambo hilo halinivunji moyo.

Saa 11 jioni ninatumbukiza kioo cha tatu katika bilauri ya maji. Duniani zilizalishwa tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, nazo haziyeyuki. Asali inalegea, inageuka ukungu wa dhahabu, na vipande vya shaba vinazama chini, ninavikusanya kwa koleo. Kisha ninapaka vioo vipya sita, na safari hii ninavipanga vyote katikati ya tanuri.