Kazi ukiwa kambini: pima mawimbi kabla ya kusimika hema

Mahali pazuri pa hema ni tambarare, penye kivuli, palipojificha upepo. Kwa aliye likizoni, hapo pametosha. Kwa mwenye kikao cha video asubuhi, mara nyingi hapo ndipo pabaya kuliko pote, kwa sababu bonde linalokinga upepo hukinga na mawimbi ya mnara, na majani mabichi huyanyonya, hasa yakilowa mvua. Pima kwanza, hema lifuate.

Kupima si kuhesabu vijiti juu ya kioo cha simu. Kila mtengenezaji ana hesabu yake ya vijiti, ndiyo maana simu mbili zilizo juu ya meza moja, laini za kampuni moja, zinaweza kuonyesha vijiti viwili na vinne. Namba ya kutazama ni RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya 4G kwa dBm, kipimo cha desibeli. Huwa ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri. Kwenye −85 utafanya kazi kwa raha. Kwenye −100 kazi inakwenda. Kwenye −110 barua pepe zinapita lakini video inagandaganda, na ikifika −120 usipoteze muda hapo. Namba ya pili ni SINR, inayoonyesha mawimbi yako yanaizidi kelele kwa kiasi gani: ikivuka 13 ni nzuri, ikishuka chini ya 0 utahangaika hata kama RSRP inavutia.

Kwenye iPhone namba hizi hupatikana kwa kupiga *3001#12345#*. Kwenye simu nyingi za Android ni *#*#4636#*#*, na zinazokataa msimbo huo hutumia programu kama CellMapper. Zunguka eneo zima, na kila kituo simama nusu dakika, kwa sababu namba huchelewa kutulia. Kisha inua simu juu kadiri mkono unavyofika, usome tena. Kumbuka kwamba kila desibeli 3 ni nguvu mara mbili.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalitazami, nalo ndilo linaloharibu vikao. Mnara hurusha kwa makumi ya wati. Simu au modemu yako ya 4G hujibu kwa wati 0.2 tu. Kwa hiyo ukiwa mbali unamsikia mnara vizuri, yeye hakusikii. Tovuti zinafunguka, video zinacheza, lakini wenzako kikaoni wanakuona umeganda na sauti inakatakata. Ukipima kasi, tazama upande wa kupakia (upload). Video ya kawaida ya kikao inataka takriban Mbps 1.2 kila upande, sauti peke yake kbps 100 inatosha. Kupakia kukiyumba, zima kamera yako kwanza kabla ya kuwaomba wengine wazime zao, maana kamera yako ndiyo inayobeba mzigo wa upande dhaifu.

Kabla ya kununua chochote, panda juu. Funga MiFi (ruta ndogo ya mfukoni yenye laini) au simu ya akiba kwenye mti au nguzo ya mita 5, washa hotspoti, wewe ubaki chini mezani. Tumia Wi-Fi ya 2.4 GHz hapo, si ya 5 GHz, kwa kuwa hupenya turubai na majani vizuri zaidi. Usiache kipokezi ndani ya gari: bati la gari huzuia mawimbi, na jua la dashibodi hupasha simu moto mpaka hotspoti inajizima.

Hilo lisipotosha ndipo antena ya nje inapoingia. Ya kuelekeza upande mmoja, aina ya LPDA, huongeza takriban desibeli 9 (huandikwa dBi 9). Inayopokea pande zote huongeza karibu nusu ya hapo au chini yake, lakini haihitaji kulengwa, kwa hiyo inamfaa anayehama kila siku. 4G hutumia njia mbili kwa pamoja, hivyo unahitaji antena mbili na kebo mbili, moja imeinamishwa digrii 45 kulia, nyingine 45 kushoto. Ukiunganisha moja tu, RSRP itapanda, lakini kasi inaweza kushuka.

Kebo ndipo fedha za watu wengi zinapopotelea. Chukua RG58, ile nyembamba inayokuja na antena nyingi za bei nafuu. Kwenye 1800 MHz inapoteza karibu desibeli 0.8 kila mita. Mita 10 zimekula desibeli 8 kati ya zile 9 ulizonunua. Umepanda nguzo, umelenga mnara, umebakiwa na desibeli 1. Kebo nene aina ya LMR-400 kwa urefu huohuo hupoteza kama 2, ila ni nzito na haipendi kukunjwa kila siku.

Njia bora kwa kambi ni kupandisha ruta yenyewe juu, karibu na antena, kwa kebo isiyozidi mita 1, na kushusha waya wa umeme tu. Iweke kwenye boksi la plastiki (la chuma litaua Wi-Fi), tundu la waya liwe chini, na waya ulegee chini ya tundu kabla ya kuingia ili maji yadondoke hapo badala ya kufuata waya mpaka ndani. Usipeleke volti 5 za USB kwa waya mrefu. Waya mwembamba wa mita 5 ukibeba ampea 1 unaweza kupoteza volti 2 njiani, na MiFi itakuwa inajiwasha na kujizima bila sababu unayoiona. Peleka volti 12 uzishushe kuwa 5 ndani ya boksi, au weka powabenki humo.

Laini ziwe mbili, za kampuni zenye minara tofauti. Hili lithibitishe, kwa sababu kampuni nyingine hukodi minara ya wenzao. Laini mbili zenye majina tofauti zinaweza kuzima pamoja. Masafa ya chini, 700 hadi 900 MHz, hufika mbali na huzunguka vilima vizuri. 1800 na 2600 MHz hubeba data nyingi lakini huchoka mapema. Ruta inayokuruhusu kuichagulia masafa mwenyewe ibaki hapohapo ina faida kubwa mpakani mwa mawimbi, kwani huacha kurukaruka.

VPN ya ofisini (njia ya siri ya kuingia mtandao wa kazini) ikiunganika lakini kurasa zinakwama nusu, shida mara nyingi ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti ya data inayoweza kupita. Kwenye Windows, fungua Command Prompt, andika ping -f -l 1372 kisha anwani ya tovuti. Ikikataa, punguza kumi kumi mpaka ipite. Jumlisha 28 na namba iliyopita upate MTU ya njia yako, halafu weka ya VPN chini yake kwa 80 hivi.

Setilaiti inafaa pasipo na mnara kabisa. Setilaiti za Starlink huzunguka kwenye kimo cha chini ya kilomita 600, kwa hiyo mazungumzo hayacheleweshwi sana. Setilaiti za kilomita 35,786 huchelewesha zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, na kikao kinakuwa cha kukatizana. Starlink inadai anga wazi: tawi moja linalokatiza upeo wake hukata mtandao sekunde chache kila baada ya dakika kadhaa, na kikao hakivumilii hilo.

Umeme uhesabu kwa saa za kazi. Laptopu ya wati 45 kwa saa 8 ni Wh (wati-saa) 360, ruta ya wati 8 kwa saa 10 ni Wh 80. Ongeza hasara, andaa Wh 500. Starlink Mini, dishi lao dogo, huongeza kama Wh 280 kwa saa 8. Dishi la kawaida ni Wh 600 na zaidi. Chaji laptopu kwa USB-C moja kwa moja, kwa sababu inverta hula asilimia 10 hadi 15 bure. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri hutoa kama Wh 350 kwa siku, na kivuli cha kona moja tu kinaweza kukata nusu ya hapo. Paneli basi ikae juani na waya mrefu, wewe ukae kivulini.

Fika siku moja kabla ya siku ya kazi. Piga simu ya majaribio ya video ya dakika 10 saa ileile ya kikao, kwa kuwa mnara ulio mwepesi usiku unaweza kuelemewa asubuhi. Na namba ya kuingilia kikaoni kwa simu ya kawaida iandike kwenye karatasi.