Kutoka Seattle hadi Kwenye Reli ya Grants Pass

Nimekulia Tanga, ambako kahawa hukufuata ulipo. Muuzaji hupita na dele lake juu ya makaa akigonganisha vikombe, nawe unakunywa palepale barazani, kashata mkononi, mazungumzo hayaishi. Ndiyo maana nilipofika Seattle, Marekani, nilimwomba shemeji anipeleke kwanza Monorail Espresso, mahali pa kununua kahawa.

Leo ni dirisha tu ukutani, katikati ya mji. Ila mwaka 1980 kilikuwa kigari cha kusukuma, kilichowekwa chini ya ile reli ya juu iliyojengwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya 1962. Kampuni ya kahawa ya Starbucks ilikuwepo mjini tangu 1971, lakini wakati huo biashara yake ilikuwa kuuza buni iliyokaangwa, ukajipikie nyumbani. Aliyetaka espreso, kahawa nzito ya mashine, akiwa njiani kwenda kazini alikifuata kigari. Nilisimama pale na kikombe changu nikajisikia nyumbani kabisa.

Kesho yake tulishika barabara ya I-5 kuelekea kusini, safari ya zaidi ya kilomita 600. Vibanda vya kahawa havikwisha: kimoja kwenye maegesho ya duka la vifaa vya ujenzi, kingine ubavuni mwa kituo cha mafuta, vidogo kiasi kwamba watu watatu ndani wanabanana. Kwenye cha kwanza nilishika kitasa cha mlango. "Kaa tu," shemeji akaniambia, "hapa watu hawashuki."

Vibanda vya namna hii havikuanza na kahawa. Kampuni ya Fotomat ilivitapakaza maelfu kwenye maegesho ya Marekani: unapitisha gari, unaacha filamu ya kamera, kesho unarudi kuchukua picha. Maduka ya kusafisha picha kwa saa moja yalipoingia, biashara hiyo ikafa, na vibanda vingi vikabaki vitupu, kila kimoja na dirisha lake tayari. Wauza kahawa wakaingia humo. Kwangu huo ndio ufundi mkubwa wa biashara hii, kuona mlo katika sufuria ambayo mwingine ameitupa. Starbucks wenyewe walifungua dirisha lao la kwanza la magari mwaka 1994.

Grants Pass, Oregon, tulifika jioni. Hapa ndipo ndugu wawili, Dane na Travis Boersma, walipoanzisha Dutch Bros, kampuni ya vibanda vya kahawa, mwaka 1992. Kwao walikuwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, vizazi vitatu, hadi ufugaji ulipoacha kulipa. Wakanunua mashine ya espreso na kuanza na kigari cha kusukuma kando ya reli. Dane alifariki mwaka 2009. Leo vibanda vyao vimepita 1,000.

Kwenye kimoja chao foleni ilikuwa ndefu, lakini binti mmoja alitoka na kishikwambi, akapita gari kwa gari kuchukua oda. Alituuliza tumetoka wapi, akasikiliza jibu lote, na Tanga akaitamka mara mbili hadi ikamkaa mdomoni. Nilifurahi mno. Nilikuwa nimeogopa kwamba gari limeua yale maongezi ya barazani.

Kikombe kilipopita dirishani nilimwomba shemeji asogee mpaka karibu na reli, azime gari. Tukashuka, tukanywa tukiwa tumesimama, kahawa ingali ya moto.