Asmini na mchicha kwenye zamu ya maji

Mikindani, Mtwara, Jumapili usiku, mwishoni mwa Oktoba

Leo kikundi chetu cha bustani kimekaa kikao cha dharura chini ya mkungu, pembeni mwa zahanati, na ajenda ilikuwa moja tu: tuta la asmini ling'olewe tupande mchicha, au liachwe. Kikao kimekwenda mpaka karibu na Adhuhuri. Bado kinanizunguka kichwani, usingizi hauji, bora niandike.

Oktoba ndio mwezi unaotupima. Mvua za huku kusini ni za msimu mmoja. Zinaanza Novemba ikielekea Desemba, zinakatika Aprili au Mei, halafu ni kiangazi moja kwa moja. Upepo wa kusi umeshapita miezi yote hiyo ukikausha kila kitu, na udongo wetu wa pwani ni mchanga, haushiki maji. Juu ya hayo, korosho zinadondoka. Wanachama wenye mikorosho wamehamia mashambani na watoto na sufuria. Wanaokota, wananyonyoa korosho kwenye mabibo, wanaanika, wanapeleka ghalani kwa chama cha msingi cha ushirika, kisha wanasubiri mnada. Siwalaumu hata kidogo. Korosho ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba. Lakini zamu ya maji iliyokuwa ya watu wengi imebaki kwa mabibi wachache, vijana wawili watatu wa bodaboda, fundi mmoja wa uashi, na mimi.

Na maji yenyewe ni ya kubeba. Bomba la zahanati linatoka kwa kusuasua, na wagonjwa wana haki nalo kabla yetu. Kisima cha karibu kiko upande wa bahari, maji yake yana chumvi. Mnazi unayavumilia. Asmini hapana: majani yanaungua kingoni, yanageuka kahawia, yanapukutika. Kwa hiyo kila dumu la maji yasiyo na chumvi linaloingia bustanini limetoka mbali, kichwani au kwenye pikipiki.

Ndipo kijana wa bodaboda aliposimama. Alisema kwa heshima, lakini alisema. Mboga sokoni imepanda, fungu limekuwa dogo, kina mama wanaokuja zahanati wanakula ugali na nini? Na sisi tunamwagia maua. "Bibi zangu mnisamehe," akasema, "lakini ua haliliwi."

Wengi wakatikisa kichwa kumuunga mkono, na sikuona cha kumpinga. Mchicha ukiupa samadi ya mbuzi iliyoiva na maji asubuhi na jioni, kabla ya mwezi kwisha unachuma. Asmini inakunywa kiangazi kizima.

Bibi yetu mkubwa, yule aliyetuletea vipandikizi vya kwanza kutoka kwenye shina la mama yake kule Lindi, alimwangalia kwa muda, akasema, "Mjukuu wangu, siku ya harusi yako bi harusi tumvishe mchicha kichwani?" Watu wakacheka, kijana naye akacheka, na joto la kikao likapungua. Ila swali la maji likabaki palepale.

Mimi nilisema nilichosema, na hapa nakisema kwa kirefu.

Hilo tuta tulilipanda kwa kazi. Tulichimba mashimo, tukalaza makumbi ya nazi chini ili yashike unyevu, tukajaza mboji na samadi. Bibi akatufundisha kulaza tawi la asmini ardhini na kulifukia katikati, ncha ikabaki nje, mpaka lioteshe mizizi yake ndipo likatwe. Vidukari vilipoingia tulitwanga majani ya mwarobaini, tukaloweka usiku kucha, tukachuja na kutia sabuni kidogo. Pembeni tukapanda mrehani, ambao hauhitaji kubembelezwa, na kwenye kona mlangilangi mmoja, mti wa maua ya kunukia. Mbuzi ndio adui mkubwa. Uzio wa miiba umefumwa upya mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Siku za kliniki, kina mama wanakaa kwenye benchi na watoto mapajani wakisubiri kupimiwa uzito. Nimewaona wengi wakinyoosha mkono, wakachuma jani la mrehani, wakalisugua kati ya vidole na kunusa. Wengine wananipungia: "Dada, nikatie kijiti nikapande." Nakata. Ukipita vichochoro vya chini ya ile boma ya Wajerumani ya 1895 utaona makopo ya rangi yaliyopandwa mrehani barazani, na asmini imepanda ukuta wa nyumba ya mawe ambayo paa lake lilishaondoka. Wenye nyumba hizo wengi hawajawahi kuhudhuria kikao chetu, na hawana haja. Bustani imewafikia kwa njia yake.

Na jioni ndiyo saa yake. Vitumba vya asmini huchumwa jua likielekea kuzama, vikiwa bado vimefumba, kwa sababu vinafumbuka usiku. Mabibi wanavitunga kwenye uzi huku wakizungumza, na wasichana wanajifunza kutunga kwa kuangalia tu. Fedha za korosho zikishaingia harusi zitafuatana, na kila harusi itataka asmini na vikuba, vile vifungu vya maua na majani ya kunukia. Mweka hazina wetu aliitaja hoja hiyo, kwamba maua yanaweza kununua mbegu za mchicha. Ni kweli, lakini sitaki kuitetea asmini kwa fedha. Mama aliyekesha na mtoto mwenye homa, akaja kwa miguu, akasubiri toka asubuhi, anastahili kukaa mahali panaponukia vizuri. Anastahili hivyo kama anavyostahili mboga. Sioni kwa nini mtu mwenye kipato kidogo apangiwe chakula peke yake, na uzuri uwekwe kwa wenye nyumba za Shangani, kule Mtwara mjini. Mama zetu hawakuwa na kitu, na asmini ilikuwa uani.

Nilipokaa, kijana akasema, "Sawa dada, nimekuelewa. Maji yatoke wapi?"

Kimya kikapita. Kisha akaongea fundi uashi, mtu ambaye huwa haongei. Msikiti uko juu kidogo ya bustani. Watu wanatawadha hapo nyakati zote tano, Ijumaa ndiyo usiseme, na maji yale yanatiririka nyuma ya ukuta na kupotelea mchangani. Msikiti unatumia tangi la maji ya bomba, si ya kisima, kwa hiyo hayana chumvi. Hayana sabuni. Mfereji wa chooni uko upande wa pili, haukutani nayo. Yakikingwa na kupitishwa kwenye bomba, mteremko utayashusha mpaka kwenye asmini, na madumu yote tunayobeba yabaki ya mboga.

Nilimtazama bibi, naye akawa anatazama ule ukuta kana kwamba hajawahi kuuona.

Baada ya Alasiri wazee wawili walikwenda kwa imamu. Amekubali, kwa sharti kwamba mfereji ufunikwe, mbu wasipate pa kuzaliana na watoto wasitumbukie. Sharti la haki. Kijana wa bodaboda amekubali kubeba saruji bila nauli, lakini ameomba iandikwe kwenye daftari kwamba maji yasipofika tutani ndani ya mwezi mmoja, ajenda yake inarudi. Katibu ameandika. Na mimi nitamsikiliza, kwa sababu nyuma ya mchicha wake kuna njaa ya watu.

Tunaanza kuchimba Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali. Saruji ya mfuko mmoja imepatikana, changarawe tutaomba. Kinachokosekana ni bomba la plastiki la inchi mbili, hata vipande vilivyobaki kwenye ujenzi, fundi atavigandisha. Wenye sururu waje nazo. Na kama kuna jirani mwenye pima maji ndefu atuazime, maana mteremko ni mdogo na fundi anataka kuwa na uhakika nao kabla ya kufukia.